Jinsi ya Kuanza Kuuelewa Uhindu: Imani, Ibada na Desturi Zake

Mtu aliyelelewa katika dini yenye mtume mmoja, kitabu kimoja na kiri moja ya imani, anapoanza kujifunza Uhindu huja na maswali matatu: nani aliuanzisha, kitabu chake ni kipi, na ni lazima kuamini nini ili uhesabiwe kuwa mfuasi. Maswali hayo ni ya haki, lakini hapa hayafiki mbali. Uhindu hauna mwanzilishi anayejulikana, maandiko yake ni mengi na hayajafungwa katika jalada moja, wala hakuna kiri ambayo Wahindu wote hutakiwa kuitamka. Swali linalozaa matunda ni jingine: watu hawa hufanya nini, hukifanya lini, na kwa kusudi gani? Mwongozo huu unalifuata swali hilo, ingawa itabidi kwanza tuyapitie majina na maneno machache ambayo bila hayo hata kinachoonekana kwa macho hakitaeleweka.

Tenganisha majina

Kiswahili chenyewe kinaweza kumtega mwanafunzi hapa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Msikhi, Mjaini au asiyefuata dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa Uhindu, naye anaweza kuwa mwenyeji wa Nepali, wa Morisi au wa kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Ni kweli kwamba Wahindu walio wengi wanaishi India, ambako sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa wao ni takriban asilimia 80 ya watu wote, lakini asilimia 20 inayobaki katika nchi kubwa kiasi hicho ni mamilioni kwa mamilioni ya Wahindi wasio Wahindu. Neno la zamani Baniani, ambalo bado limo katika methali zetu, lilitokana na jina la jamii ya wafanyabiashara wa Kigujarati; linataja kazi na ukoo zaidi ya dini, na ni vyema tukaliacha hukohuko kwenye methali.

Jina Hindu nalo halikutoka kwa Wahindu wenyewe. Waajemi wa kale waliuita mto Sindhu (Indus) kwa matamshi yao, yaliyogeuza s kuwa h, na hatimaye jina la mto likawa jina la nchi ng'ambo yake, watu wake, na baadaye sana dini yao. Wahindu wengi hupenda kuiita njia yao Sanatana Dharma, yaani dharma ya milele.

Jifunze maneno matano kwa mpangilio wake

Watu wengi huanza na karma kwa sababu ndilo neno wanalolisikia mara kwa mara, kisha hulielewa vibaya. Anza na atma. Hii ni nafsi ya ndani kabisa ya kiumbe, isiyozaliwa wala kufa. Bhagavad Gita, andiko mashuhuri la Kihindu, katika sura yake ya pili inaifananisha miili na mavazi: kama mtu anavyovua nguo zilizochakaa na kuvaa mpya, ndivyo atma inavyoiacha miili iliyochakaa na kuingia katika mingine. Mzunguko huo wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena huitwa samsara, na ndani yake wamo pia wanyama na viumbe wengine, jambo ambalo baadaye litatusaidia kuelewa kwa nini Wahindu wengi hawali nyama.

Hapo sasa karma inaeleweka. Maana yake ya asili ni tendo. Fundisho lenyewe ni kwamba tendo lolote, jema au ovu, huacha athari inayomrudia mtendaji katika maisha haya au yajayo. Mswahili anayeitafsiri karma kuwa majaaliwa anaipindua maana, kwa kuwa majaaliwa humtoka Mungu na kumshukia mtu, ilhali karma humtoka mtu mwenyewe. Hali niliyo nayo leo ni mavuno ya nilichopanda, na ninachopanda leo kiko mikononi mwangu.

Kinachoamua tendo lipi ni jema ni dharma, neno ambalo sijapata kuona likitafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili likatosha. Ndani yake mna wajibu, haki, mwenendo mwema na utaratibu unaoushikilia ulimwengu usisambaratike. Baadhi ya dharma ni ya kila mtu, kama kusema kweli na kutodhuru. Nyingine hutegemea nafasi ya mtu, kwa maana wajibu wa mwanafunzi si wajibu wa baba wa familia, na wa askari si wa mtawa. Neno la tano ni moksha, yaani kuwekwa huru na samsara. Wahindu wanakubaliana kwamba uhuru huo ndio upeo wa safari, lakini hawakubaliani ukoje: kwa Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, atma na uhalisi mkuu ni kitu kimoja, na moksha ni kulitambua hilo, kwa Madhva wa karne ya 13, nafsi na Mungu ni wawili daima, na moksha ni kukaa karibu naye kwa mapenzi na utumishi. Wote wawili wanaheshimiwa, na wafuasi wa wote wawili huhesabiwa kuwa Wahindu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila Mhindu hukesha akiiwazia moksha. Mapokeo yenyewe yanataja malengo manne halali ya maisha: dharma, artha ambayo ni mali na ustawi, kama (neno la Kisanskriti, si lile la Kiswahili) ambayo ni raha na mapenzi, kisha moksha. Mfanyabiashara anayemwomba faida Lakshmi, mungu wa kike wa mali, haendi kinyume na dini yake, maadamu faida yake haivunji dharma.

Usihesabu miungu kabla ya kuuliza wanahesabiwaje

Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe, yaani maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa kuna miungu wangapi. Anajibu elfu tatu mia tatu na sita. Anaulizwa tena, anasema thelathini na watatu, tena, sita, kisha watatu, wawili, mmoja na nusu, na mwisho mmoja. Jibu lipi ni sahihi? Kwa mapokeo haya, yote. Uhalisi mkuu, unaoitwa Brahman, ni mmoja na hauna umbo, lakini hudhihirika na kuabudiwa kwa maumbo na majina mengi, na mwabudu humchagua yule ambaye moyo wake au ukoo wake umemwelekea. Wanaomweka Vishnu juu ya wote huitwa Wavaishnava, wanaomweka Shiva ni Washaiva, na wanaomwabudu Mungu kama mama, Devi, ni Washakta. Wapo pia Wasmarta, wanaowaabudu kadhaa kwa usawa. Jambo moja la kuangalia: Brahman ni huo uhalisi mkuu, Brahma ni mungu muumbaji ambaye mahekalu yake ni machache sana, maarufu zaidi likiwa la Pushkar katika jimbo la Rajasthan, na Brahmini ni mtu wa tabaka la makuhani. Matatu hayo yakichanganywa, aya nzima huharibika.

Ukisimama mbele ya picha au sanamu usiyoijua, itazame mikono na mnyama aliye chini au pembeni. Vishnu hushika kombe la baharini, gurudumu, rungu na ua la yungiyungi, naye hupanda Garuda, ndege mkubwa. Akiwa na filimbi na unyoya wa tausi kichwani, huyo ni Krishna, mmoja wa avatara kumi za Vishnu, yaani miili aliyoitwaa kuja duniani kuirudisha dharma. Akiwa na upinde, ni Rama. Shiva ana jicho la tatu, mwezi mwembamba nyweleni, nyoka shingoni na mkuki wenye ncha tatu, na mbele ya hekalu lake hulala fahali Nandi; mara nyingi yeye huwakilishwa na linga, nguzo fupi ya jiwe isiyo na sura ya mtu. Ganesha ana kichwa cha tembo na mnyama wake ni panya. Yeye huombwa kabla ya wengine wote kwa sababu ndiye aondoaye vikwazo. Saraswati, wa elimu na muziki, hupiga ala ya nyuzi iitwayo vina. Durga, mwenye mikono mingi, hupanda simba au chui milia na kumchoma mkuki jini mwenye umbo la nyati.

Kuhusu neno sanamu, hapa panahitaji uangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa katika masikio ya msomaji wetu neno hilo limekwishahukumiwa kabla halijaelezwa. Mhindu huiita murti. Fundi akimaliza kuichonga bado ni jiwe au shaba tu. Hufanyiwa ibada maalumu ya kumwalika Mungu akae ndani yake, na tangu hapo huhudumiwa kama mgeni mtukufu, huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula na hulazwa usiku. Je, huo udongo ndio Mungu? Angalia kinachotokea mwishoni mwa sikukuu ya Ganesha mjini Mumbai au ya Durga mjini Kolkata: murti za udongo zilizoabudiwa kwa siku kadhaa hubebwa kwa ngoma na nyimbo hadi majini, zikatoswa, zikayeyuka. Anayeamini kwamba udongo ndio Mungu hawezi kuutosa. Msomaji anaweza kutoikubali ibada hiyo kwa imani yake, lakini aikatae kwa kile ilicho.

Ingia hekaluni kwa utaratibu

Oga, vaa nguo safi zinazofunika mabega na magoti, na viatu uviache nje. Mahekalu mengine hukataza vitu vya ngozi, ukiwemo mkanda na pochi, na mengi hukataza kupiga picha mahali patakatifu, kwa hiyo uliza kwanza. Jua pia kwamba mahekalu machache hayawaruhusu wasio Wahindu kabisa. La Jagannath mjini Puri ni mojawapo, na hakuna ubishi utakaokufungulia lango lake.

Mlangoni wengi hugonga kengele iliyoning'inizwa, kumjulisha Mungu kwamba wamefika na kuyaita mawazo yao yatulie. Kisha huenda kwenye chumba cha ndani, kidogo na chenye giza, anamokaa murti mkuu. Wanachokitafuta hapo huitwa darshana, yaani kumwona Mungu na kuonwa naye, na ndiyo sababu mtu anaweza kusafiri siku mbili kwa treni, akasimama kwenye foleni saa kadhaa, akatazama kwa sekunde chache tu, akaondoka ameridhika. Hakuna ibada ya pamoja inayomlazimu kila mtu kuwepo saa fulani. Kila mmoja huja, huomba na huenda, isipokuwa wakati wa arati, ambapo kuhani huizungusha taa ya samli mbele ya murti huku kengele zikilia. Baadaye taa hupitishwa kwa watu, nao hupitisha viganja juu ya mwali kisha hugusa uso au kichwa.

Ukiungana nao kulizunguka hekalu, zunguka ukiwa umemweka Mungu mkono wako wa kulia. Kwa linga la Shiva kuna tofauti ambayo wageni wengi hawaijui: mfereji unaotoa maji yaliyomwagwa juu ya linga hauvukwi, kwa hiyo waumini huzunguka hadi hapo, wakageuka na kurudi walikotoka.

Mwishoni utapewa prasada, ambayo ni chakula, matunda au utamu uliotolewa kwanza kwa Mungu, kisha ukarudishwa kwa waumini ukiwa na baraka. Anayeijua tabaruku hatapata shida kuielewa. Ipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, na usiiweke sakafuni. Kama dini yako hairuhusu kula kilichotolewa kwa ibada nyingine, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa na useme kwa upole kwamba huwezi. Hilo linaeleweka vizuri zaidi kuliko kuipokea na kuitupa nje.

Hata hivyo, hekalu si lazima. Ibada iliyo nyingi zaidi hufanyika nyumbani, penye rafu au chumba kidogo cha murti na picha, ambapo mama wa nyumba huwasha taa na udi asubuhi na jioni, huweka maua, hupaka liwa na unga mwekundu, na hutoa chakula kabla yeyote hajakionja. Hiyo ndiyo puja, na mtindo wake kamili una huduma 16, tangu kumkaribisha Mungu na kumpa kiti na maji ya kunawa hadi kumuaga. Ukiitazama kwa makini utaona ni adabu zilezile za kumpokea mgeni.

Soma, lakini usianze na Veda

Veda nne, yaani Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda, ndiyo maandiko yenye mamlaka ya juu kabisa. Rigveda, iliyo kongwe, ina tenzi 1,028, na kwa karne nyingi ilihifadhiwa kwa kukaririwa kwa moyo. Lakini Wahindu wengi wenyewe hawajawahi kuzisoma. Dini wameipata kwa bibi anayesimulia Ramayana, kisa cha Rama aliyehamishwa msituni miaka 14 na mkewe Sita aliyetekwa, na kwa Mahabharata, utenzi ambao kwa mapokeo una beti zipatazo 100,000. Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, ni sehemu ya Mahabharata: Arjuna, akiwa katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, anashusha upinde kwa kuwa hataki kuwaua ndugu zake, na Krishna, mwendesha gari lake, anamfundisha kutenda wajibu bila kung'ang'ania matunda ya tendo. Anza na hiyo, fuata Ramayana, kisha Upanishadi chache, na Veda ziwe za mwisho.

Tabaka

Mada hii haikwepeki, na vitabu vingi vya utangulizi huipunguza makali. Utenzi mmoja wa Rigveda unaeleza jamii kama mwili wenye sehemu nne: makuhani, watawala na wapiganaji, wafanyabiashara na wakulima, na watumishi. Katika maisha halisi kilichotawala ni jati, maelfu ya koo za kazi ambamo mtu huzaliwa, huoa na huzikwa au kuchomwa, na chini ya wote waliwekwa watu walioitwa wasioguswa, waliozuiwa visima na milango ya mahekalu. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilifuta hali ya kutoguswa katika ibara ya 17. Mwenyekiti wa kamati iliyoiandika rasimu yake, B. R. Ambedkar, alizaliwa miongoni mwa watu hao, na mwaka 1956 aliuacha Uhindu akawa Mbudha. Wapo Wahindu wanaosema tabaka si sehemu ya dini, na wapo wanaosema limejengwa na maandiko yenyewe. Usimwulize mtu tabaka lake, na ukilijua usilitaje.

Chakula

Ahimsa, yaani kutodhuru, pamoja na imani kwamba atma imo katika kila kiumbe, huwafanya wengi waache nyama, na wengine waache hata mayai, vitunguu na vitunguu saumu. Si wote. Wabrahmini wa Bengal hula samaki, na katika hekalu la Kamakhya huko Assam mbuzi huchinjwa kama sadaka. Kinachokaribia kuwa cha wote ni kuacha nyama ya ng'ombe, kwani ng'ombe huheshimiwa kama mama anyonyeshaye. Unapomwalika Mhindu, uliza kwanza anachokula, na sufuria iliyopikiwa nyama usiitumie kwa mboga zake. Waumini wengi, hasa Wavaishnava, hufunga siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi. Kufunga kwao mara nyingi ni kuacha nafaka na dengu, na matunda na maziwa huruhusiwa.

Sikukuu zinavyopangwa

Kalenda inafuata mwezi mwandamo, ila kila baada ya miaka mitatu hivi huongezwa mwezi mmoja ili mwaka usiachane na jua. Ndiyo maana sikukuu za Kihindu huhama kwa wiki chache tu na hubaki katika majira yaleyale, tofauti na Ramadhani inayozunguka mwaka mzima. Diwali, sikukuu ya taa, huwa usiku wa giza usio na mwezi, kati ya Oktoba na Novemba. Ukiuliza taa zinawashwa kwa nini, kaskazini ya India utaambiwa ni kumpokea Rama aliporudi Ayodhya. Wafanyabiashara wa Gujarat watasema ni usiku wa Lakshmi na hufungua vitabu vipya vya hesabu. Kusini utasikia habari za Krishna na jini Narakasura. Bengal humwabudu mungu wa kike Kali. Usitafute sababu moja iliyo sahihi. Holi, ya mwezi mpevu wa Februari au Machi, huanza kwa moto wa usiku na kufuatiwa na siku ya kurushiana rangi, na Navaratri ni usiku tisa wa Devi. Kumbh Mela, kusanyiko kubwa la hija, hufanyika kwa zamu katika miji ya Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik, ambapo mamilioni huoga mitoni. Ile ya Prayagraj mwaka 2025 ilianza Januari na kumalizika Februari.

Kuzaliwa, kuoa na kufa

Mapokeo yanataja ibada 16 za maisha, ziitwazo samskara, tangu kutungwa mimba. Mtoto hupewa jina, hulishwa chakula kigumu cha kwanza, na wavulana wa matabaka ya juu huvishwa uzi mtakatifu begani na kufundishwa mantra, yaani maneno matakatifu ya kukariri, iitwayo Gayatri. Katika ndoa shahidi mkuu ni moto: bibi na bwana arusi hupiga hatua saba pamoja, kila moja na ahadi yake, na sheria ya ndoa ya Wahindu ya India ya mwaka 1955 inasema kwamba pale ibada hiyo inapofuatwa ndoa hukamilika hatua ya saba inapopigwa.

Maiti huchomwa, kwa kawaida ndani ya siku moja, na mtoto wa kiume wa kwanza ndiye awashaye moto. Watoto wachanga na watawa aghalabu huzikwa. Majivu hutiwa katika mto, na anayeweza huyapeleka kwenye mto mtakatifu wa Ganga. Matanga huchukua takriban siku 13, ambazo familia huhesabiwa kuwa katika hali ya najisi na haifanyi sherehe wala ibada za kawaida. Ukienda kuwapa pole, vaa nguo nyeupe au zisizo na urembo, kaa chini pamoja nao, na usione vibaya ukitoka bila kupewa hata maji, kwa kuwa nyumba nyingi haziwashi jiko kabla mwili haujachomwa. Ukirudi kwako, wao wenyewe wangekushauri uoge kabla ya kushika jambo lingine.